Sauti zikinyamaza, huzuni inaingia

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, sauti zimeniacha tangu mfungo, dawa nameza, nyumbani wanasema nimepona. Mbona kitandani sitoki?" Sauti anazosema ni zile za ugonjwa wa akili, unazisikia kichwani na msemaji hayupo; mimi pia zilinipata. Nilimjibu usiku uleule, ila naona jibu liwafikie wengi, maana najua mnaonisoma hapa mnataka nilichokitaka mimi: kurudi kazini na kuhesabika tena kuwa mtu.

Ya wodi ya wagonjwa wa akili nayaruka. Sindano, usingizi, uji, mnayajua. Mimi kilichoniumiza kilinikuta nyumbani. Kwenye ukoo wetu daftari la michango ya harusi nilikuwa nalishika mimi, miaka yote. Niliporudi kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Shangazi akaja, akalichukua daftari, akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe mwanangu pumzika." Hesabu ilikuwa imenyooka mpaka ukurasa wa mwisho! Hilo bado linanichoma, sitaficha. Basi nikapumzika kweli. Nikaacha kuoga, simu nikawa naiangalia tu inavyoita, na nikafika mahali pa kuzitamani zile sauti, kwa sababu zenyewe walau ziliniona mtu mkubwa.

Mtaani wakasema uvivu. Nyumbani wakasema dawa zimenilegeza. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyokuachia. Na wala si mimi peke yangu: mwaka 2000 Max Birchwood na wenzake, Uingereza, walichapisha utafiti wa wagonjwa 105 wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti kama hizo, waliofuatiliwa kwa miezi 12 baada ya ugonjwa kupamba moto. Asilimia 36 walizama kwenye sonona wakati saikosisi yenyewe, yaani kusikia na kuamini yasiyokuwepo, haijarudi. Hao walielemewa zaidi na hisia kwamba ugonjwa umewapotezea mambo, umewaaibisha na umewafungia njia, na wakijitazama mbele walijiona watu wa chini. Niliposoma hapo nililiona daftari langu.

Kilichonitoa ni tiba ya mazungumzo, pamoja na dawa. Yule mwanasaikolojia hakuniambia nijipe moyo. Alinipa karatasi niandike nilichofanya kila saa, kisha nikipe alama mbili, sifuri mpaka kumi: raha niliyoipata, na nilivyojiona nimeweza. Ya kwanza ninayoikumbuka: "Kuosha sufuria la ugali. Raha 0, nimeweza 5." Niliona utoto. Lakini ile 5 ilinishangaza, kwa sababu nilikuwa naapa kwamba siwezi chochote.

Halafu tukalishika lile wazo lenyewe: "Siaminiki tena." Akaniuliza ushahidi. Wa kulitetea nilikuwa nao, shangazi. Wa kulipinga nilihangaika mpaka nikakumbuka kuwa mama wa nyumba ya pili alikuwa bado ananituma kwa wakala kumwekea hela zake, taslimu, bila kuhesabu mara mbili. Hata sauti tulizigusa: zikirudi na kunitukana, nani kasema zina mamlaka juu yangu?

Leo vikoba vyetu mweka hazina ni mimi. Shangazi naye ni mwanachama, na marejesho yake naandika mimi.

Kwa hiyo nasema na narudia: tafuta wa kuongea naye, na awe aliyesomea. Dua sawa, mimi mwenyewe naswali, lakini aliyesomea pia. Dawa usiache. Kama miguu haitulii au unasinzia kutwa, mwambie daktari apime dozi, usijipunguzie. Na kama mawazo ya kufa yameanza, hilo si la kusubiri tarehe ya kliniki: mwambie mtu leo, muende hospitali leo.

Nanyi ndugu, acheni kumnyang'anya mgonjwa kazi mkidhani mnamhurumia. Mpeni hata ya kuchambua mchele, mradi iwe yake.

Ukifika kliniki usiishie kwenye "naendelea vizuri", kwa sababu daktari ataandika hivyohivyo na kukuongezea mwezi. Sema: sauti hakuna, lakini sioni raha ya kitu, nalala mchana kutwa, nimekata tamaa, naomba na mtu wa mazungumzo. Wakikujibu mwanasaikolojia hayupo, uliza anakuja siku gani, na uandikishe jina kabla hujatoka dirishani.