Kwa nini nawatumia picha za majani

Wadogo zangu wa Kadutu, kule Bukavu, Kongo, mmeuliza kwenye grupu ya familia: "Yaya, Ulaya yote hiyo, unatutumia picha za majani tu? Hauna pengine pa kutembea?"

Nawajibu bila kuficha. Majani ni ya bure. Treni inalipiwa, mgahawa unalipiwa, na sasa Oktoba hata joto la nyumba linahesabiwa. Tena Jumapili ya huku si ya Bukavu, ambako unapita kwa shangazi bila kutangaza na sahani inapatikana. Huku unamtembelea mtu siku mliyopatana, na siku yenyewe inaweza kuwa ya mwezi ujao. Basi mimi naenda msituni.

Unaitwa Soignes, uko pembeni ya Bruxelles, Ubelgiji, tramu inakufikisha. Miti mingi ni ya aina wanayoiita hêtre, mirefu, shina laini la kijivu. Niliazima kitabu bibliotekeni ndipo nikaelewa: ule umanjano ulikuwemo ndani ya jani muda wote, kijani kiliufunika tu. Siku zikifupika, mti unaacha kutengeneza kijani, unavuta akiba iliyomo ndani ya jani, kisha unaziba pale kikonyo kinaposhika tawi. Upepo mdogo tu, jani hilo chini.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kuni. Mti ukiangushwa na dhoruba, mara nyingi wanauacha palepale uoze, makusudi, ili wadudu na uyoga wapate makao. Mama, najua tayari unahesabu magunia ya makala (makaa), nami nilihesabu. Huo uyoga wenyewe hauruhusiwi kuchuma. Watu wanainama, wanaupiga picha, wanaenda zao. Nikifikiria Kahuzi-Biega, hifadhi ya msitu ya kwetu, nashindwa kuwalaumu wachoma makala wetu: anayepikia umeme usiokatika, kwake ni rahisi kuacha gogo lioze.

Sasa yale ambayo picha haisemi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na jioni inamezwa ghafla. Kwetu jua linazama karibu saa 12 mwaka mzima. Hapa Desemba linachomoza karibu saa 2:40 asubuhi, na saa 10:40 jioni limeshazama. Unaenda kazini gizani, unarudi gizani. Wengi wetu ndipo tunapoanza kukaa kitandani na kutopokea simu, mnadhani tumejivuna. Kusoma kunanisaidia kidogo. Kutembea mchana, hata kwenye manyunyu, kunanisaidia zaidi.

Mbayuwayu wao hawangoji hayo. Kufikia Oktoba wengi wameshaondoka kuelekea Afrika, kusini mwa Sahara. Mkiwaona juu ya ziwa Kivu, huenda mmojawapo alilelewa kwenye zizi la ng'ombe la huku.

Anayejiandaa kuja, anunue kwanza viatu visivyoingiza maji. Koti la mtumba utalipata hapa kwa bei ndogo. Viatu vya mtumba vya kuhimili tope la Novemba bado navitafuta.