Aruke awali aingie darasa la kwanza? Jibu kwa mzazi wa Chanika

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu alitimiza miaka 5 mwezi Agosti na tunataka aanze shule Januari. Shule ya msingi ya serikali iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani, lakini darasa lake la awali lina watoto 84 na mwalimu mmoja. Shule ya pili ni ya binafsi, ya mchepuo wa Kiingereza, na iko mbali. Basi lake hupita kwetu saa 11:15 alfajiri na kurudisha watoto saa 10 jioni. Walimfanyia usaili wakasema ni mwepesi, hivyo aruke awali na aingie darasa la kwanza moja kwa moja. Baba yake anaipenda kwa sababu ya matokeo yake ya darasa la saba. Nyumbani tunazungumza Kiswahili tu. Tuchague ipi, na tuangalie nini? (Mama wa mtoto mmoja, Chanika, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mama. Kwa maelezo uliyotoa, nisingemwandikisha mtoto huyu darasa la kwanza Januari katika shule yoyote ile, na nisingempandisha basi la saa 11:15. Hayo mawili nayasema bila kusita. Kuhusu shule yenyewe, sehemu kubwa ya jibu utaipata wewe ukikubaliwa kukaa nyuma ya darasa kwa saa moja, na nitakueleza nini cha kutazama.

Nianze na umri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kwa mtoto wa miaka 5, na darasa la kwanza kwa mtoto wa miaka 6. Usaili wa shule nyingi hupima kama mtoto anaweza kutaja herufi, namba na rangi, na mtoto mwepesi hupita bila shida. Haupimi kama anaweza kudumu na kazi moja kwa robo saa, kusubiri zamu yake, kushika penseli bila mkono kuchoka, kusimulia jambo kwa mpangilio, au kusikia kwamba “maji” na “mama” yanaanza kwa sauti moja. Hiyo ndiyo kazi ya mwaka wa awali. Mtoto aliyeuruka mwaka huo anaweza kufanya vizuri darasa la kwanza kwa kukariri, na pengo likajitokeza darasa la tatu, masomo yanapoongezeka na anapotakiwa kusoma mwenyewe ili aelewe. Nisamehe nikiwa na shaka, lakini shule inapomrusha mtoto awali ni haki yako kuuliza ina nafasi ngapi ambazo hazijajazwa darasa la kwanza.

Kuhusu basi, piga hesabu ya usingizi. Mtoto wa miaka 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku. Ili awe kituoni saa 11:15 alfajiri ni lazima aamke saa 10:45 hivi, maana yake awe amekwisha kulala saa 12:45 jioni, wakati basi limemshusha saa 10 na bado hajaoga, hajala, wala hajacheza. Familia chache za Dar es Salaam zinaweza kutimiza ratiba hiyo kwa mwaka mzima, na mtoto asiyelala vya kutosha hawezi kunufaika hata na mwalimu bora.

Sasa darasa la watoto 84. Uwiano unaotakiwa katika elimu ya awali nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo darasa hilo limezidi mara tatu, na sitakuambia kwamba jambo hilo ni dogo. Hata hivyo, kabla ya kuikataa shule, mwombe mwalimu mkuu akueleze mambo matatu: wangapi kati ya walioandikishwa wanahudhuria kila siku, kama darasa limegawanywa katika mikondo au zamu, na kama kuna mwalimu msaidizi, hata wa kujitolea anayelipwa kwa michango ya wazazi. Watoto 84 waliogawanywa katika zamu mbili wanahudumiwa tofauti kabisa na 84 waliobanana katika chumba kimoja kwa wakati mmoja.

Kisha omba kuingia darasani, katika shule zote unazozifikiria, kipindi kikiwa kinaendelea. Usiende siku ya mahafali wala siku ya kupokea wageni. Kaa nyuma ukae kimya. Sikiliza kwanza nani anazungumza. Katika darasa dhaifu mwalimu anasema na watoto wanaitikia kwa pamoja; ukimwuliza mmoja peke yake, hajui alichoitikia. Katika darasa zuri utasikia mwalimu akimwuliza mtoto mmoja swali ambalo jibu lake halijaandikwa ubaoni, akimpa muda wa kufikiri, na akimsaidia kurekebisha kosa bila kumfanya achekwe na wenzake. Tazama kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye zana za kuchezea na kuhesabia: zana zikiwa zimepangwa juu sana, safi kama za dukani, ujue zimewekwa kwa ajili ya wageni, ilhali vizibo vya soda, makopo na vijiti vilivyochakaa kwa kuhesabiwa ni ushahidi kwamba vinatumika. Fungua madaftari ya watoto watatu wanaokaa mbalimbali. Yakiwa yamejaa mistari ileile iliyonakiliwa kutoka ubaoni, yote ikiwa na alama ya vema, mwalimu hajui nani ameelewa. Tazama pia kama ameshika fimbo. Kwa kanuni za nchi, adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na hurekodiwa. Fimbo inayotembea na mwalimu kati ya watoto wa miaka 5 inatosha kunifanya niondoke.

Ukimaliza, mwombe mwalimu akuonyeshe azimio la kazi (mpango wake wa mada za muhula) na andalio la somo la siku hiyo (mpango wa kipindi kimoja). Hutahitaji kuwa mtaalamu: linganisha tu tarehe na mada na ulichokishuhudia. Vyoo pia vikague mwenyewe. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na maji ya kunawa yawe mahali ambapo mtoto mdogo anayafikia.

Wasiwasi wa lugha ni wa kweli. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hukutana na badiliko hilo kidato cha kwanza. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza hata katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili, ingawa ubora wake unategemea mwalimu aliyepo. Lakini kujifunza kusoma na kujifunza lugha mpya ni kazi mbili, na mtoto hujifunza kusoma kwa wepesi zaidi katika lugha anayoizungumza. Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo aliyezimudu silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona, na ujuzi huo humsaidia anapohamia lugha nyingine. Mtoto wako akianza kwa Kiingereza si hasara, mradi mwalimu wa awali anakizungumza kwa ufasaha. Mwulize kwa Kiingereza, au mwombe ndugu anayekijua akuulizie, swali ambalo hakulitarajia kuhusu mtoto fulani darasani. Akijibu kwa sentensi za kukariri, watoto wake nao watakariri.

Matokeo ya darasa la saba anayoyapenda baba yake hayaelezi mengi kuhusu darasa la awali. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza orodha ya shule bora, ila matokeo ya kila shule bado yanapatikana katika tovuti yake, na yana taarifa ambayo wazazi wengi hawaitafuti. Hesabu watahiniwa wa upimaji wa darasa la nne wa mwaka 2021 wa shule hiyo, kisha hesabu waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024, ambao ni kundi lilelile. Familia huhama, kwa hiyo tofauti ya watoto wachache ni ya kawaida. Kama theluthi ya kundi imetoweka, uliza walikwenda wapi, kwa sababu zipo shule zinazolinda wastani wake kwa kuwarudisha darasa au kuwahamisha wanafunzi wanaosuasua. Mwaka 2027 makundi ya darasa la sita na la darasa la saba yatamaliza pamoja, kwa sababu katika mtaala mpya msingi inaishia darasa la sita, hivyo hesabu za mwaka huo zisomwe kwa uangalifu.

Ningefanya hivi: ningetafuta kwanza shule ya tatu, ya lugha yoyote kati ya hizo mbili, isiyozidi nusu saa kutoka nyumbani na yenye awali ya watoto wasiozidi 35 kwa mwalimu. Ikiwa ni kituo cha chekechea, hakikisha darasa la awali limesajiliwa na wizara ya elimu, kwani vituo vya kulelea watoto mchana husajiliwa na ustawi wa jamii na usajili huo si wa shule. Piga hesabu ya ada, basi, chakula, sare na michango kwa miaka saba, yaani awali na sita ya msingi. Mtoto anayehamishwa katikati kwa kukosa ada huumia kuliko aliyeanza shule ya bei nafuu. Shule ya tatu isipopatikana, mpeleke awali ya serikali, na kila jioni msomee na mzungumze kwa dakika 20. Uamuzi wa mchepuo wa Kiingereza unaweza kuuangalia upya kabla ya darasa la tatu. Uhamisho hufanyika kwa namba yake ya PREM, yaani namba ya mwanafunzi katika mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani, na shule inayompokea inaweza kumpima na kumrudisha darasa moja. Uandikishaji wa shule za serikali kwa kawaida huanza Oktoba, na utahitaji cheti chake cha kuzaliwa.