Barua kwa mwanangu: nguo za mtoto huhesabiwa kwenye kamba

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama uinunue ile seti nyeupe ya sufu uliyoiona sokoni Nyawera, hapo Bukavu, kwa dola 35, ilhali una dola 60 tu za kukamilisha layeti nzima, yaani nguo zote za mtoto mchanga, au uende soko la Kadutu ukachague mitumba. Nitakujibu, lakini kwanza niambie: kamba yako ya kuanikia iko wapi? Nguo za mtoto hazihesabiwi dukani, huhesabiwa kwenye kamba. Utajifungua Oktoba, na mvua ya Bukavu unaijua kuliko mimi. Nguo iliyofuliwa Jumatatu asubuhi yaweza kuwa bado mbichi Jumanne jioni. Mtoto mchanga huchafua nguo tatu au nne kwa siku, kwa hiyo ukiwa na fulana nane za pamba umevuka, mradi zifunguke mbele, maana kumvisha kwa kupitisha kichwani mtoto ambaye kitovu hakijadondoka ni kumtesa bure. Nepi za kitambaa ndizo zinazotaka wingi: dazeni mbili, wala usizipunguze ili upate kofia yenye maua. Kofia yoyote ya mitumba yenye kamba shingoni, ikate kamba hiyo kabla hujaifua.

Mimi sikuhesabu hivyo. Ulipokuwa tumboni nilichukua kwa mkopo seti nyeupe kama hiyo yako, sweta, suruali, kofia na soksi, kwa sababu bibi yako mzaa baba alikuwa anakuja kukuona, na nilitaka aone kwamba mwanawe hakuoa nyumba yenye njaa. Shangazi yako aliniletea furushi la mitumba, ndani yake mkiwa na sweta la kahawia la mtoto wa mwaka mzima, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka. Nililisukuma chini ya kitanda. Ile nyeupe uliivaa mara mbili. Katika wiki ya tano mikono yake ilikuwa imekufikia karibu na viwiko, nami nikaikunja vizuri nikaiweka sandukuni kwa ajili ya mdogo wako.

Wewe ulikuwa na wiki saba siku ile ya tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto wa volkano ya Nyiragongo uliposhuka mpaka katikati ya mji wetu wa Goma. Baba yako alinyakua kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa lile furushi. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, pamoja na umati, wewe mgongoni ndani ya sweta la kahawia, mikono nimeikunja mara tatu, na juu yake vikwembe viwili, vile vitenge vyangu. Hukukohoa hata mara moja. Sanduku lilibaki ndani, na nyumba yote ikawa chini ya jiwe jeusi.

Deni halikubaki huko. Mwenye duka alinikuta tuliporudi, daftari mkononi, nami nililipa mpaka Julai, kidogo kidogo, bei ya nguo zilizokwisha kuungua. Kwa miaka mingi nilimwita mwanamke asiye na moyo. Lakini naye duka lake lilizikwa siku ileile, na mimi kweli nilizichukua. Hata hivyo, angeweza kungoja! Bado siwezi kupita upande ule wa soko bila kuharakisha hatua.

Basi, kamba kwanza. Nguo zote unazonunua sasa ziwe za miezi mitatu au sita, isipokuwa mbili tatu za kutokea materniti, kwa kuwa mikono mirefu hukunjwa, mifupi haivutwi. Mtoto mwenye afya huongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili katika kama miezi mitano. Mitumba ichemshe, ianike, kisha uipige pasi kila mshono. Kadutu nenda asubuhi robota linapofunguliwa, ukiwa na rafiki anayejua kubishana bei, kwa maana wewe umerithi haya za baba yako.

Kuhusu ile seti ya Nyawera sitasema neno. Wewe ni mtu mzima, fedha ni zenu wawili, na najua mama mkwe wako anakuja Novemba. Mimi pia nilitaka picha moja nzuri, na picha sina. Hapana, nimesema sitasema. Uliza tu kama wanayo ya miezi sita.

Mama yako,
Goma