Kopo la mtindi linaelea

Ukianza kufuga samaki kwenye tangi la kioo hapa Mtwara, wenyeji watakwambia vyungu vya mimea si vya kununua, makopo yapo tele. Ni kweli. Ila hawatakwambia kwamba kopo la mtindi linaelea.

Mimi liliniumbua. Nilijaza mboji kavu kwenye kopo, nikachomeka mmea wa majini uitwao Vallisneria, nikalizamisha, nikaenda kulala. Asubuhi kopo limepinduka linacheza juu, maji yamekuwa chai ya rangi, samaki hata siwaoni.

Plastiki hazifanani. Kata kipande cha chupa ya maji ya kunywa, kiweke pamoja na kifuniko chake ndani ya beseni, vikandamize vyote viwili hadi chini kisha uachie. Kifuniko kitapanda, kipande cha chupa kitabaki chini. Kwa hiyo siku hizi natumia kitako cha chupa ya lita 1.5, nakata vidole vinne kutoka chini. Ukingo uliokatwa kwa mkasi ni wembe, unachana mapezi. Pasha pasi kiasi, tandika karatasi juu yake, ugusishe ukingo mara moja tu. Utajikunja ndani wenyewe. Matundu ni ya msumari wa moto, sita au saba, na chini natia kokoto mbili za kuongeza uzito.

Sasa mchanga. Najua Shangani ni karibu na mchanga ni wa bure. Usichote. Mchanga wa ufukweni una vipande vya matumbawe na makombe, yaani ni jamaa wa chokaa iliyojengea nyumba za kale za Mikindani, na ukikaa majini unayafanya maji kuwa magumu, yenye chokaa nyingi. Samaki wa Ziwa Tanganyika watakushukuru, mimea mingi haitakushukuru. Mchanga wowote usioujua, kamulia ndimu kijiko kimoja: ukitoa mapovu, rudisha ulikoutoa.

Udongo nautia unene wa vidole viwili tu, nikiwa nimeuloweka siku kadhaa na kumwaga maji yake, halafu naufunika kwa mchanga uliooshwa. Ukijaza mwingi, chini kunakosa hewa, na siku ukiuchokoa utasikia harufu ya yai viza. Samadi ya mbuzi iache shambani, maana inatoa amonia na samaki watahema juu juu kabla hujajua kosa liko wapi.

Kuna wanaopenda vifuu vya nazi, na mimi ni mmoja wao. Kwangua nyama yote iliyobaki, chemsha mpaka maji yaache kutoa rangi nyingi. Bado kitatia maji wekundu kidogo, hakuna neno. Mikebe ya bati sitaki hata kuiona, inashika kutu.

Anubias, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hauhitaji kopo. Ukilifukia lile shina lake linalotambaa, litaoza. Ufunge kwa uzi juu ya kifuu kilichofudikizwa.

Na ukipanda Cryptocoryne, usishtuke majani yakiyeyuka wiki ya kwanza. Mizizi haijafa, usiing'oe, yapo majani mapya yanakuja. Wangu wa kwanza niliutupa jalalani, kopo na vyote.