Kwa nini vena na si ateri, na mpira ukae mkononi kwa muda gani

Ndugu, umeuliza kwa nini damu ya vipimo huchukuliwa kwenye vena badala ya ateri, na kama mpira unaofungwa mkononi unaweza kuharibu majibu. Ateri hupeleka damu kutoka kwenye moyo kwa shinikizo kubwa, kuta zake ni nene na nyingi zimejificha ndani, ilhali vena, inayorudisha damu kwenye moyo, ina ukuta mwembamba na shinikizo dogo, na mara nyingi hupita karibu na ngozi. Ndiyo maana huchomwa kwa urahisi na damu hukatika mapema ukiikandamiza. Ateri huchomwa kwa sababu maalumu, hasa kupima gesi za damu, kama oksijeni.

Kwenye kikunjo cha kiwiko, anza na vena ya katikati. Ile ya upande wa kidole kidogo iwe chaguo la mwisho, maana ateri na neva ziko jirani nayo.

Kuhusu mpira, ambapo kwa maoni yangu wanafunzi wengi hulegea, usizidishe dakika 1. Ukikaa zaidi, maji ya plazima (sehemu ya damu iliyo majimaji) huvuja na kuingia kwenye tishu huku protini na seli zikibaki ndani ya mshipa, hivyo maabara husoma viwango vya juu kuliko hali halisi ya mgonjwa. Kumwambia akunje na kukunjua ngumi mara kwa mara nako huongeza potasiamu kwenye sampuli, na daktari anaweza kuanza kutibu tatizo ambalo halipo.