Kwa nini "If I would have money" inakatwa kwenye mtihani

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu amekukatia "If I would have money, I would buy a plot", wakati sisi tunasema "ningekuwa na pesa, ningenunua kiwanja", -nge- pande zote mbili. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Kiingereza hakirudii alama hiyo. Upande wa "if" kinaweka kitenzi cha wakati uliopita, na "would" inabaki kwenye matokeo tu: "If I had money, I would buy a plot." Hiyo "had" haizungumzii jana hata kidogo, inaonyesha kwamba pesa huna sasa hivi.

Ukitaka maana ya "ningalisoma, ningalifaulu", rudi nyuma hatua moja zaidi: "If I had studied, I would have passed."

Kwenye mtihani andika "If I were you". "If I was" utaisikia sana kwa Waingereza wenyewe, ila "were" ndiyo salama zaidi.

Leo usiku andika sentensi tano za mambo yako mwenyewe, kisha kagua upande wa "if" peke yake. Ukikuta "would" pale, ifute na uweke kitenzi cha wakati uliopita.