Muziki wa klasiki wa Urusi: tanguliza macho

Juzi dada mmoja kanitumia meseji inboksi, anasema kaka najaribu klasiki ya Warusi kila siku ila usingizi unanichukua, nifanyeje? Nimefurahi sana maana najua wengi humu mnautaka huu muziki, mnaogopa tu kuambiwa mnajifanya wazungu. Mimi nimeambiwa hivyo tena na watu wangu wa karibu, mezani kwangu, wanakula chakula changu, na mpaka leo inaniuma.

Dada, kilichonifungua mimi ni picha. Tafuta Khovanshchina, opera (mchezo wa kuimbwa) ya mtunzi Mrusi Mussorgsky, sikiliza kipande cha kufungulia tu, kile cha alfajiri kwenye mto Moskva, ni kama dakika 5. Kabla hujabonyeza, fungua mchoro wa Surikov, Asubuhi ya Kuuawa kwa Streltsy, uko jumba la michoro la Tretyakov pale Moscow. Streltsy ni askari wa zamani wa bunduki walioasi. Ukuze kwenye simu, tope limechimbwa na magurudumu, watu wako kwenye mikokoteni na mashati yao meupe, mishumaa mkononi inawaka na huku kunakucha, na yule wa ndevu nyekundu kamkazia macho Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, aliye juu ya farasi kule upande wa pili, hapepesi. Sasa bonyeza. Muziki umetulia kabisa, wimbo uleule unarudi kila mara kivingine, kengele zinaingia, na wewe unajua hawa watu jioni hawaioni. Nililia jamani.

Halafu opera yenyewe inaanzia uasi wa 1682, karibu na mwisho Streltsy wanakuja wamebeba wenyewe magogo na mashoka ya kuwakatia vichwa, Peter anawasamehe. Mchoro unaonyesha mauaji ya 1698, msamaha hakuna. Surikov aliuonyesha Petersburg Machi 1881, na mwezi huohuo Mussorgsky akafia hospitali ya jeshi mjini humohumo, opera haijaisha, ikaja kumaliziwa na mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov. Mchoraji Repin alimchora Mussorgsky siku chache kabla hajafa, nywele timutimu, pua nyekundu, uitafute na hiyo.

Kwa hiyo picha moja, muziki mmoja. Narudia, picha moja! Achaneni na zile video ndefu zinazobandika theluji yoyote ile juu ya wimbo wowote ule, zinawaharibu, watu hatutulii siku hizi, tunataka kila kitu kipite haraka halafu tunasema muziki unachosha.

Ukimaliza dada ingia Picha kwenye Maonyesho, Mussorgsky aliitunga 1874 baada ya kuona maonyesho ya kazi za marehemu rafiki yake Hartmann. Ila michoro mingi ya Hartmann imepotea, hapo itabidi utumie masikio tu.